India bila kulanguliwa: teksi, bajaji, duka la dawa na sokoni

Anayempeleka mgonjwa Chennai, anayefuata mzigo wa nguo Mumbai na anayekwenda kumwona mwanafunzi Delhi wote huwa wamejipanga kwa gharama kubwa: tiketi, viza, makadirio ya hospitali. Fedha inayovuja bila kuonekana ni ile ya njiani. Bajaji ya rupia 100 inalipwa 400, teksi ya uwanja wa ndege inalipwa mara tatu, dawa inanunuliwa bila risiti, gramu 8 za dhahabu zinapimwa na jiwe lake. Mgonjwa akikaa wiki sita na msindikizaji anatoka kila siku, hesabu hiyo inafika mbali.

Habari njema ni kwamba India ina bei nyingi zilizoandikwa kuliko tulivyozoea kwetu. Nauli ya bajaji hupangwa na serikali ya jimbo. Pakiti ya biskuti, chupa ya maji na karatasi ya vidonge zimechapwa bei ya juu kabisa inayoruhusiwa. Uwanja wa ndege una kaunta ya kulipia teksi kabla ya kupanda. Karibu kila ujanja utakaousoma hapa chini una lengo moja, kukutoa penye bei iliyoandikwa na kukupeleka pembeni kwenye bei ya mdomo.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Andika anwani kamili ya unakofikia kwenye karatasi na kwenye simu: jina la hoteli au nyumba ya wageni, mtaa, alama iliyo karibu, na namba ya posta ya tarakimu 6 wanayoiita pin code. Namba hii ni muhimu kuliko jina, kwa sababu hoteli zenye majina yanayofanana ziko kila kona, na dereva anayetafuta kamisheni atakupeleka kwenye ile inayomlipa. Kama unakwenda Gurgaon, mji wa jirani na Delhi wenye hospitali kubwa, andika na namba ya sekta. Bila hiyo dereva atazunguka, kisha atadai nyongeza.

Hospitali nyingi zinazopokea wagonjwa kutoka nchi za nje zina idara ya wageni inayotuma gari uwanjani. Uliza kwa barua pepe mambo matatu: gari ni bure au linalipiwa, dereva atasimama mlango gani, na jina na namba ya gari utatumiwa lini. Ukifika, usimfuate mtu kwa sababu tu ameshika kibao chenye jina la mgonjwa. Jina linaweza kunakiliwa kutoka kibao cha jirani. Muulize namba ya faili ya mgonjwa au jina la ofisa aliyemtuma. Dereva wa kweli anayo kwenye simu yake.

Kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege huombwa kwa shirika la ndege, angalau saa 48 kabla ya safari, na hakina malipo. Anayekisukuma anaweza kukuomba bakshishi mkifika mlangoni. Ukitaka kumpa rupia 100 ni hiari yako. Akikutajia bei, mkumbushe kwamba huduma ni ya shirika la ndege.

Kubadilisha fedha: shilingi zetu hazina soko kule, beba dola zisizochanika wala kuandikwa. Uwanjani badilisha kiasi cha kukufikisha tu na kula siku ya kwanza. Usiulize bei ya dola imesimama ngapi, maana kibao kinaweza kuwa kizuri na makato yakafichwa. Uliza hivi: nikikupa dola 100, nitaondoka na rupia ngapi mkononi? Linganisha jibu hilo na kaunta ya pili. Chukua risiti na uitunze, utaihitaji siku ya kurudisha rupia kuwa dola. Kwenye mashine ya kutolea fedha, ikikuuliza kama ukatwe kwa fedha ya nchi yako au kwa rupia, chagua rupia. Chaguo jingine linabadilisha kwa bei ya mwenye mashine, na siku zote ni mbaya zaidi.

Kutoka uwanjani

Hapa ndipo mgeni hupoteza fedha nyingi kwa mara moja, maana ametua usiku, mgonjwa amechoka na mizigo ni mingi. Ukitoka tu utaitwa: "Taxi, sir? Which hotel?" Wanaokufuata ndani ya ukumbi siyo madereva wa foleni, ni mawinga. Pita moja kwa moja.

Kama mna mizigo midogo na ni mchana, treni ndiyo rahisi kuliko vyote. Delhi kuna treni ya uwanja wa ndege kutoka Terminal 3 hadi stesheni ya New Delhi, dakika zipatazo 20, kwa nauli isiyofika rupia 100. Chennai kuna metro kutoka uwanjani hadi Chennai Central. Mumbai, tangu Oktoba 2025, mstari wa Aqua unatoka Terminal 2 hadi kusini kabisa ya jiji. Tiketi inanunuliwa kaunta, bei iko ubaoni, hakuna wa kubishana naye.

Kwa mwenye mgonjwa, kaunta ya teksi ya kulipia kabla ndiyo njia. Delhi kaunta ya kuaminika zaidi ni ile iliyo chini ya polisi, nje ya ukumbi wa wanaowasili. Kaunta za kampuni binafsi ziko ndani, zina taa nzuri na bei ya juu. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja:

1. Taja eneo, siyo jina la hoteli peke yake. Sema "Sarita Vihar" au "Greams Road", kisha onyesha anwani. Ukitaja hoteli tu, karani anaweza kukuandikia eneo la mbali zaidi.

2. Taja idadi ya mizigo mapema. Mizigo huongeza kiasi kidogo kwenye risiti, na ukilipia hapo dereva hana cha kudai baadaye.

3. Hesabu fedha mbele ya karani kwa sauti, kisha hesabu chenji kabla ya kuondoa mkono kwenye kaunta. Kaunta ya usiku ndiyo inayosahau kurudisha noti ya 100.

4. Soma risiti. Iwe na eneo unalokwenda, kiasi ulicholipa na namba ya gari. Linganisha na kibao cha gari lenyewe.

5. Risiti ina nakala ya dereva. Usimpe mpaka mmefika na mizigo imeshuka. Dereva hulipwa kwa kuirudisha nakala hiyo kaunta. Ukishampa huna tena kamba ya kumshikia. Ataiomba mapema, atasema polisi wa getini wanaitaka. Mwonyeshe, usimwachie.

Mkifika akidai nyongeza ya "foleni" au "mafuta", elewa kwamba nauli ya kulipia kabla imeshamaliza kila kitu. Nyongeza ya usiku nayo imo ndani ya risiti.

Mchezo wa "hoteli yako imefungwa"

Huu ni wa Delhi zaidi, hasa njia ya kwenda Paharganj na Connaught Place. Dereva anakwenda vizuri dakika 15, kisha anasema barabara imefungwa kwa maandamano, au mtaa wenu una fujo, au hoteli imeungua. Ukibisha anajitolea kuipigia simu. Anapiga namba yake, upande wa pili mwenzake anapokea kwa jina la hoteli yako na kukwambia kwa heshima kabisa kwamba nafasi yako imefutwa. Halafu unapelekwa "ofisi ya utalii ya serikali", ambako kuna mtu mwenye kompyuta, chumba cha bei mara tatu na safari ya gari ya siku tano ambayo hukuiomba.

Dawa yake ni moja: piga simu wewe mwenyewe, kwa simu yako, kwa namba uliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kama huna laini, mwambie akupeleke hapo hapo hata kama pamefungwa, na nakala ya risiti unaishika. Mara nyingi barabara hufunguka ghafla.

Ndugu wa mchezo huu yuko stesheni ya New Delhi. Ofisi ya tiketi za wageni iko ndani ya stesheni, ghorofa ya kwanza, upande wa Paharganj. Mtu mwenye kitambulisho kifuani atakusimamisha ngazini na kukwambia imehamia Connaught Place. Haijahama, panda ngazi. Na ofisi ya kweli ya utalii ya serikali mjini Delhi iko 88 Janpath. Kuna nyingine kibao zinazojiita hivyo hivyo.

Bajaji

Bajaji za India zina mita kisheria, na hapa miji inatofautiana sana, kwa hiyo usibebe kanuni ya mji mmoja ukaipeleka mwingine.

Mumbai ndiyo mji mwepesi. Mita huwashwa bila ugomvi. Tangu tarehe 1 Februari 2025 nauli ya kuanzia ni rupia 26 kwa kilomita 1.5 za kwanza, kisha rupia 17.14 kwa kila kilomita. Teksi nyeusi na njano inaanzia 31, kisha 20.66. Safari ya kilomita 8 kwa bajaji ni 26 jumlisha 6.5 mara 17.14, yaani kama rupia 137. Kwa teksi ni kama 165. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri huongezeka robo. Kumbuka bajaji haziruhusiwi kusini ya jiji, zinaishia Bandra na Sion. Dereva wa bajaji akikwambia atakufikisha Colaba, anakudanganya. Atakushusha mpakani na kukudai nauli nzima.

Delhi viwango vilivyopangwa Januari 2023 ni rupia 30 kwa kilomita 1.5, kisha 11 kwa kilomita, na robo zaidi kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kilomita 8 ni kama rupia 102 mchana na 127 usiku. Mgeni huanza kuombwa 300 au 400. Madereva wengi hawataki kuwasha mita kwa mgeni, na kusema imeharibika ni salamu tu. Sema: "Meter se chaliye, bhaiya", yaani twende kwa mita, kaka. Akikataa, nenda kwa wa pili, na hata wa tatu. Ukiwa na haraka, patana kwa nauli ya mita jumlisha rupia 20 au 30. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo na hakuna anayejiona ameibiwa.

Wale waliopaki mbele ya geti la hospitali, hoteli ya watalii au ngome ya Red Fort ndio ghali kuliko wote, kwa sababu wamekaa kusubiri samaki mkubwa. Tembea mita 200 hadi barabara kuu, simamisha bajaji inayotembea. Bei inashuka kabla hujafungua mdomo.

Chennai usipoteze muda kutafuta mita. Kiwango rasmi kilikuwa cha 2013, rupia 25 kwa kilomita 1.8 na 12 kwa kilomita, na madereva walikwisha kukiacha siku nyingi. Huko bei ya haki unaipata kwenye programu ya simu: fungua, andika unakokwenda, soma kiasi. Mwonyeshe dereva aliye mbele yako kioo cha simu, atakubali kiasi hicho au karibu nacho.

Ukiwa unapatana bila mita, sema vitu vyote kabla ya kuweka mguu ndani: kiasi, kwamba ni rupia, kwamba ni kwa bajaji nzima na siyo kwa kichwa, na kwamba ni hadi mlango fulani. Andika namba kwenye simu umwonyeshe. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza hufanana sana masikioni, na kuna madereva wanaosikia vibaya kwa makusudi. Siyo ukali wala kukosa adabu. Dereva mwaminifu hushukuru.

Mita nayo inaweza kuchezewa ikakimbia. Huwezi kuikagua, ila unaweza kuwasha ramani ya simu mwanzo wa safari na kusoma kilomita mwisho. Mita ikisoma 230 kwa kilomita 8 mjini Mumbai, lipa kwa hesabu ya kilomita, piga picha kibao cha namba, shuka. Ramani inasaidia jambo lingine pia: dereva akiona inaongea hazunguki.

Na ofa ya "rupia 50 nitakuzungusha mji mzima, tunasimama duka moja tu, kuangalia ni bure" ina maana moja. Duka hilo humlipa kwa kila mgeni anayemwingiza, na gharama hiyo imeshawekwa kwenye bei ya shali utakayouziwa. Kama huna cha kununua na una saa mbili za kupoteza, panda ukijua.

Programu za teksi

Uber, Ola na Rapido zinafanya kazi miji yote mikubwa. Laini ya India hutolewa kwa pasipoti, viza na picha. Ila Uber ya namba ya nyumbani inafanya kazi ukiwa na intaneti. Kadi za kwetu wakati mwingine hukataliwa, kwa hiyo chagua kulipa taslimu.

Shida tatu hujirudia. Ya kwanza, dereva anapiga simu kuuliza unakwenda wapi na unalipaje, kisha anakuomba ufute safari ili akupeleke "nje ya programu". Ukifuta wewe, ada ya kufuta ni yako. Mwambie afute yeye. Ya pili, gari siyo lile lililo kwenye simu. Usimtajie namba ya siri ya tarakimu 4 mpaka umeona kibao kinafanana, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoanzisha safari, na ukimpa asiyehusika safari itaandikwa kwako na wewe uko kando ya barabara. Ya tatu, mwisho wa safari dereva anaonyesha kioo cha simu yake chenye kiasi kikubwa. Lipa kilichoandikwa kwenye simu yako. Ushuru wa barabara na maegesho ya uwanjani huwa vimeingizwa humo, kwa hiyo akidai tena mkononi, mwombe akuonyeshe mstari wake kwenye bili.

Noti

Noti ya 500 ni ya kijivu. Ya 200 ni ya njano, ya 100 mpya ni ya zambarau iliyopauka, ya 50 ni ya buluu. Jifunze rangi hizi hotelini kabla ya kutoka, siyo ndani ya bajaji gizani.

Mchezo wa kubadili noti unakwenda hivi. Unampa dereva noti ya 500 kwa nauli ya 140. Anaipokea kwa mkono wa kulia, anainama kidogo kana kwamba anatafuta chenji chini ya kiti, na mkono unapoinuka una noti ya 100. "Madam, umenipa mia, bado arobaini." Anasema bila hasira, kama anayekusaidia. Wewe umechoka, noti zote ni ngeni kwako, unaanza kujitilia shaka. Unatoa nyingine ya 500. Wapo wanaoifanya mara mbili kwa abiria mmoja.

Unaizuia hivi: shusha mizigo kwanza, simama nje ya gari, inua noti, itaje kwa sauti, "paanch sau", mia tano, kisha umpe. Bora zaidi ni kutokuwa na haja ya kumpa 500 kabisa. Noti kubwa zivunje kaunta ya metro, duka la dawa la hospitali au dukani kwa vyakula, na uwe na mfuko wa noti za 10, 20, 50 na 100 kwa usafiri tu. "Sina chenji" ni nauli ya pili, hasa asubuhi.

Noti iliyochanika usiipokee. Ukiipeleka dukani watakurudishia wewe. Noti ya 2,000, ya waridi, iliondolewa kwenye mzunguko tangu Mei 2023. Akikurudishia hiyo kama chenji, mrudishie.

Dukani na duka la dawa

Geuza pakiti yoyote utaona herufi MRP, kiasi cha rupia, na maneno yanayosema kodi zote zimo. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa. Muuza duka anaruhusiwa kushuka chini yake, kupanda hapana. Kwa hiyo kwenye sabuni, maji, maziwa ya unga, nepi za wagonjwa na dawa huna haja ya kupatana kama Kariakoo: tafuta MRP, lipa hiyo au pungufu. Anayekuongezea "kodi" juu ya MRP anavunja sheria, kwa sababu kodi imeshalipwa humo. Stesheni za treni kuna maji ya Rail Neer, lita 1 ni rupia 14 tangu Septemba 2025. Mchuuzi wa jukwaani akisema 20, mwonyeshe chupa. Mgahawa wa kukaa ni jambo lingine: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu mwaka 2017 migahawa na hoteli kuuza maji juu ya bei ya chupa, kwa kuwa unalipia na huduma.

Kwenye dawa ndiko msindikizaji anakookoa fedha ya maana. MRP ya karatasi ya vidonge ni ya karatasi nzima, na karatasi zina vidonge 10, 15, au idadi nyingine. Ukihitaji vidonge 6 kutoka karatasi ya 15 yenye MRP ya 225, gawanya: kidonge ni rupia 15, unalipa 90. Makosa ya kukatiwa nusu na kulipa nzima ni ya kawaida, na siyo yote ni bahati mbaya. Angalia pia wamekukatia upande gani, maana tarehe ya mwisho wa matumizi ikibaki kwenye kipande cha duka huwezi kuisoma. Piga picha karatasi kabla haijakatwa.

Duka la ndani ya hospitali huuza kwa MRP kamili. Kwa mgonjwa asiyelazwa mwenye cheti cha daktari, unaweza kununua popote, na maduka ya barabarani hutoa punguzo ukiliomba, hasa kwa dawa za miezi kadhaa. Mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe pamoja na la kampuni, kisha uliza kama ipo Jan Aushadhi Kendra, maduka ya mpango wa serikali yanayouza dawa zisizo na jina la kampuni kwa bei ya chini sana. Hayana kila kitu. Dawa za presha, sukari na antibayotiki za kawaida hupatikana. Dai bili yenye namba ya toleo la dawa. Bila bili hurudishi pakiti ambayo hukuifungua, na dawa nyingi za kurudi nazo nyumbani zinahitaji bili na cheti forodhani.

Mawinga wa hospitalini

Karibu na hospitali zinazopokea Waafrika wengi utakutana na watu wanaojua Kiswahili cha kutosha kukuita "ndugu". Wengine ni msaada wa kweli. Muulize kila mmoja swali la wazi: nani anakulipa? Kama ni nyumba ya wageni, mwenye duka la fedha au mwenye gari, kamisheni yake iko kwenye bei yako. Chumba kitazame mwenyewe kabla ya kulipa, lipa usiku mmoja au miwili kwanza, uliza umeme unalipiwa kando au umo, na piga picha namba za mita ya umeme siku ya kuingia. Kuandikisha mgeni kwa fomu inayoitwa Form C ni wajibu wa mwenye nyumba, anafanya mtandaoni, na hana ada ya kukutoza kwa hilo.

Sokoni na kwa sonara

Delhi, Sarojini Nagar na Lajpat Nagar hufungwa Jumatatu, Chandni Chowk Jumapili. Ukienda siku ya mapumziko unabaki na wachuuzi wa kando na mawinga. Kabla ya kupatana, ingia duka la bei moja la serikali ujue bei ilivyo: Central Cottage Industries Emporium pale Janpath kwa Delhi, Co-optex kwa vitambaa vya mkono Chennai. Bei zao siyo za chini kabisa, lakini ndizo dari yako. Mchuuzi wa barabarani akizidi hapo, ondoka.

Mgeni huambiwa mara mbili hadi nne ya bei. Usitaje namba kwa kitu usichokitaka, na usianze nusu kwa mazoea, kwa sababu anayekutajia mara nne atafurahi na nusu yako. Uliza maduka matatu bei ya kitu kile kile bila kukigusa. La tatu huwa karibu na ukweli. Nenda bila mtu aliyejitolea kukuongoza. Ukiwa na nyimbo mbili za Kihindi ulizozijua utotoni zitakusaidia kuliko Kiingereza kizuri.

Kwenye kitambaa kubaliana kipimo. Yadi ni sentimita 91 na kidogo. Ukilipia mita 10 ukapimiwa yadi 10 umepungukiwa karibu sentimita 86, nguo ya mtoto nzima. Simama upande wa rula.

Dhahabu isiyo na muhuri wa BIS, shirika la viwango la India, iache. Tangu Aprili 2023 pambo linalouzwa dukani linatakiwa kuwa na msimbo wa HUID wa herufi na tarakimu 6 uliochongwa juu yake. Pakua programu ya BIS Care, uandike msimbo, itakuonyesha usafi na aina ya pambo. Namba 916 ni karati 22, 750 ni karati 18. Bili itenganishe uzito wa dhahabu, uzito wa mawe, bei ya gramu ya siku hiyo, ujira wa sonara na kodi. Panapopatanwa ni kwenye ujira, maana bei ya gramu inajulikana mji mzima. Sonara asiyetaka kutoa mawe kwenye uzito anakuuzia glasi kwa bei ya dhahabu.

Yasiyo wizi, na pa kushtaki

Usigombane na kila kitu. Taj Mahal mgeni wa nje hulipa rupia 1,100, na 200 zaidi kuingia kwenye kaburi, wakati Mhindi hulipa 50. Hiyo ni bei rasmi na iko ubaoni. Ijumaa pamefungwa, kwa hiyo anayekuuzia "tiketi maalumu ya Ijumaa" ndiye mwizi. Makuli wa stesheni, wenye mashati mekundu na beji ya shaba mkononi, wana viwango vilivyobandikwa. Soma ubao, kisha mpatane kwa mzigo.

Kwenye mgahawa kodi ya asilimia 5 ni halali. Malipo ya huduma ya asilimia 10 ni hiari, kwa mwongozo wa Julai 2022 ambao mahakama ya Delhi iliukubali Machi 2025. Sema yaondolewe, wataondoa.

Simu ya wageni ya wizara ya utalii ni 1363, saa 24. Malalamiko ya MRP na bili ni 1915. Polisi ni 112. Dereva akiwa anabisha, kupiga picha kibao chake na kuanza kubonyeza 1363 mbele yake humaliza mengi kabla simu haijapokewa.

Siku ya kuondoka, askari wa mlangoni mwa uwanja hataki kingine zaidi ya tiketi na pasipoti. Mtu anayekuomba rupia 500 ili akusaidie wewe na mgonjwa wako "kupita haraka" hana kazi pale. Rupia zilizobaki badilisha kabla ya kupita ukaguzi wa usalama, ukiwa na ile risiti, na ubaki na 200 za chai.